“Umekula uso wangu, na jina langu hulijui”

Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Nimekuwa msomaji wako tangu nikiwa chuoni, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuwa upande huu wa kuuliza.

Nina miaka 33. Ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miaka 8, na tunaishi Manyatta pamoja na dada yangu mkubwa. Kwa muda mrefu niliishi kama abiria aliyepanda matatu bila kuuliza inakwenda wapi. Naamka, naenda kazini, narudi, naangalia simu mpaka usingizi unichukue. Mwaka jana mwanangu aliambiwa shuleni achore kitu ambacho mama yake anapenda. Akachora simu. Mwalimu wake akampa alama nzuri na mwanangu akaniletea karatasi ile akiwa na furaha. Niliibandika ukutani, na kila nikiiangalia moyo uliniuma.

Zamu yangu ya chama ilipofika nikanunua kamera ya mtumba, Canon, yenye lenzi moja tu ya milimita 50, ile isiyovuta vitu vya mbali. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, unatembea mwenyewe mpaka kilipo. Katikati ya Septemba nikaweka nadhiri: picha moja kila siku kwa mwaka mzima, na mistari mitatu kwenye daftari kuhusu nilichokiona. Simu nikaanza kuiacha sebuleni usiku. Sikutaka tena siku zipite bila mimi kuwamo.

Mwalimu, nadhiri ile ilinibadilisha, na sisemi hivyo kwa kujipamba. Nimejifunza kungoja. Nimejua kwamba hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua likishachomoza upande wa Kano linapanda moja kwa moja kama mtu anayepanda ngazi, na ule mwanga laini wa asubuhi unaisha ndani ya saa moja hivi. Ukichelewa, kila uso una kivuli cheusi chini ya macho. Kwa hiyo kila Jumamosi naamka saa kumi na moja alfajiri, napanda boda mpaka Dunga, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, nafika mashua za omena, wale dagaa wadogo, zikiingia. Kule nimepiga picha zangu nzuri zote. Hata hasira zangu zimepungua. Nyumbani nampiga picha mwanangu akifanya kazi za shule, na dada yangu pia, ingawa yeye akiwa hajasuka nywele ananikataza, nami naweka kamera chini.

Sasa nije kwenye shida. Pale Dunga kuna mama mmoja wa makamo anayeanika omena. Nimempiga mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ana namna ya kuinama na kuzigeuza omena kwa mkono wazi, kama anayesawazisha shuka kitandani. Siku ya 131 nilimpata akiwa ameinua uso, moshi wa jiko la chai nyuma yake, tundu la lenzi nimeliweka f/4 na yale maji ya nyuma yamekuwa ukungu mtupu. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Naijua hivyo bila kuambiwa na mtu.

Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa siku ya 180 na kitu. Nilichuchumaa mbele yake kama kawaida. Akanyooka, akafuta mikono kwenye leso, akasema kwa Dholuo, nami nakuandikia kwa Kiswahili: “Wewe umekula uso wangu tangu kabla ya Krismasi. Jina langu ni nani?”

Sikuwa na jibu. Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kazi wakanitazama. Akasema, “Basi usinipige tena,” akarudi kuinama.

Tangu siku hiyo sijarudi Dunga. Nadhiri naendelea nayo kwa kupiga vikombe na madirisha, lakini sina raha. Rafiki yangu anayefundisha sanaa anaandaa maonyesho madogo mwishoni mwa Aprili katika ukumbi mmoja hapa mjini. Ameniomba picha sita, na anataka ya mama huyu iwe ya kwanza mlangoni. Nilipomweleza yaliyotokea alisema pwani ni mahali pa umma, na kwamba picha niliipiga kabla ya kukatazwa, kwa hiyo haina tatizo. Dada yangu naye aliniambia neno ambalo limekataa kutoka kichwani: “Wewe huenda kuangalia jasho la watu ndio upate utulivu wako.”

Je, niitundike picha ile? Niifute? Na huku kukua ninakosema nimekua, kumbe nimekula vya watu?

Mwenye Kamera, Manyatta

MWALIMU ANAJIBU

Mwanangu, nianze na lile lenye tarehe. Picha hiyo usiitundike Aprili. Mpigie rafiki yako leo umwambie unaleta tano. Usimpe nafasi ya kukushawishi, na usimwahidi kwamba utakwenda kumwomba yule mama kabla ya maonyesho, maana ukienda ukiwa na tarehe kichwani, ataiona usoni mwako haraka uliyo nayo.

Usiifute vilevile. Kuifuta sasa kungekuwa tena ni wewe peke yako kuamua juu ya uso wake. Iache ilipo.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Umenitajia lenzi yako kwa milimita zake. Umenitajia tundu lake, f/4. Unakumbuka kwamba ilikuwa siku ya 131. Moshi unaujua ulitoka kwenye jiko gani. Mtu mmoja tu katika picha nzima ndiye hana chochote ila kazi yake: “mama mmoja anayeanika omena”. Sikulaumu kwa kutomtaja gazetini. Hilo ungefanya vyema. Lakini hukuficha jina, hukuwa nalo, na yeye alilijua hilo kabla yako.

Hata hivyo kuna sentensi moja uliyoipita mbio, na mimi ndiyo iliyonipa matumaini. Dada yako akiwa hajasuka anakukataza, nawe unaweka kamera chini. Hukuniuliza kama sebule yenu ni mahali pa umma au pa faragha. Hukuona hata haja ya kueleza kwa nini ulimtii. Kwa dada yako unajua kwamba mtu ana haki ya kuamua ni siku gani anataka kukumbukwa nayo. Yule mama wa Dunga amekuwa hajasuka, kwa namna ya kusema, kila Jumamosi tangu Septemba: amelowa, amechoka, ameamka usiku kungoja mashua, ana deni la ndoo za omena ambazo hajui kama zitakauka kabla ya mvua. Wewe uliona mwanga. Mwanga ulikuwepo kweli. Lakini yeye alikuwa kazini.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sidhani kama rafiki yako mwalimu wa sanaa amelifikiria. Wewe ni mtu wa Kisumu, neno jaboya huhitaji kufafanuliwa. Nalieleza kwa wasomaji walio mbali na ziwa: ni ile desturi ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kuwa na uhusiano na mvuvi ili auziwe samaki. Kwa miaka mingi watu wamefika kwenye fuo za ziwa wakiwa na kamera kuandika habari hiyo, na habari ya ukimwi pamoja nayo. Mwanamke aliyeinama kwenye omena, uso wake ukionekana vizuri, ni picha ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua mtandaoni akaiweka juu ya maneno hayo. Hatapewa nafasi ya kusema, “Huyu si mimi.” Mkwe ataiona. Mtoto wake aliye sekondari ataonyeshwa na wenzake. Sisemi hiyo ndiyo sababu ya mama huyu; hukumuuliza, nami simjui. Ninasema kwamba uso wa mwanamke wa ufuoni una bei ambayo wewe huilipi, na picha ikiwa nzuri zaidi ndivyo inavyosafiri mbali zaidi.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Kupiga kwa ajili ya albamu yako ya nyumbani ni jambo moja, kuitangaza ni jambo jingine, na mtu aliyekubali leo ana haki ya kuondoa kibali chake kesho. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Ni kweli kwamba sheria imeiachia sanaa nafasi yake, na wakili wa rafiki yako angeweza kubishana. Lakini wewe hukuniandikia kuuliza kama utashinda kesi.

Lugha yetu inawaita wachezaji wasiolipwa wachezaji wa ridhaa. Bondia wa ridhaa, timu ya ridhaa. Wewe basi ni mpiga picha wa ridhaa: hakuna aliyekutuma, hakuna anayekulipa, unaamka saa kumi na moja kwa sababu moyo umeridhia. Mimi nalipenda sana neno hili, na nimelipenda zaidi tangu barua yako ifike, kwa kuwa ridhaa hiyo hiyo ndiyo tunayoitaja tunaposema mtu ametoa ridhaa yake. Anayefanya kazi kwa malipo ana namna ya kumlipa anayempiga, au mkataba, au barua kutoka ofisini. Wewe huna kitu mkononi isipokuwa ridhaa. Ikiwa ni yako peke yako, umebaki na nusu ya neno.

Nimekulia Nakuru. Miaka ya sabini, nikiwa msichana mdogo, kupigwa picha ilikuwa safari. Baba alivaa koti, mama akatufunga riboni, tukatembea mpaka studio ya mjini yenye pazia lililochorwa minazi, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona mnazi. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo tulipigwa mara moja tu. Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni kitabu cha risiti. Kabla hajagusa kamera, yule mzee alimuuliza baba jina lake, akaliandika polepole, akauliza na langu, akaandika tarehe ya kuja kuchukua. Hakufanya hivyo kwa adabu tu. Asingejua picha ampe nani. Kazi yenyewe ilimlazimisha kuuliza jina. Kamera yako haikulazimishi. Imeondoa gharama ya filamu, na kitabu cha risiti kimeondoka nayo.

Huko Bamako, nchini Mali, kulikuwa na fundi seremala aliyeitwa Seydou Keïta, ambaye mwaka 1948 alifungua studio akawa mpiga picha mkubwa. Wateja walichagua wenyewe wavae nini, washike nini. Aliwaazima saa, redio, hata suti. Naye alipiga mara moja tu, kwa kuwa karatasi na filamu vilikuwa ghali. Ukizitazama picha zile unaona watu wanaojua kwamba wanatazamwa na wamekubali. Sasa sikiliza hili: mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, na chini yake ikaandikwa kwamba mpigaji hajulikani. Alikuwa hai, Bamako, watu wa mtaa wake wote wakimjua kwa jina. Kila anayependa picha huumia akiisikia habari hiyo. Umie hivyo hivyo kwa ajili ya mama wa Dunga.

Nadhiri yako naiheshimu, na dada yako hakukutendea haki yote. Kilichokutokea Septemba ni cha kweli. Mtu aliyekuwa amelala macho wazi ameamka, mtoto ana mama mezani jioni, na hakuna aliyeibiwa kwa sababu hiyo. Lakini dada yako ameona jambo moja ambalo hesabu ya siku imekuficha. Picha moja kila siku, bila kukosa, baada ya muda inakuwa kama marejesho ya mkopo: ikifika Jumamosi una deni, na unamwendea yule ambaye unajua utapata kwake. Umeacha kuishi kwa mazoea, ukajenga mazoea mengine yenye mwanga mzuri zaidi. Mimi ningekushauri uivunje nadhiri hiyo mahali pamoja tu. Siku isiyo na picha, andika mistari mitatu ya daftari na uiache siku iende. Na uso wa mtu usiyemjua jina, usiufungulie lenzi. Utapiga chache. Lenzi yako tayari inakulazimisha utembee mpaka kitu kilipo. Umalizie tu hatua mbili zilizobaki.

Sasa Dunga. Usiende alfajiri. Alfajiri mashua zinaingia, wanawake wanagombania bei, hakuna mwenye sikio la kukusikia. Angalia mwezi. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali omena hawazifuati taa, na mashua nyingi hupumzika. Nenda alasiri katika siku hizo. Kamera iache Manyatta, na simu iwe mfukoni. Mchukue mwanao ukitaka.

Kabla ya kwenda, pita studio ukachapishe picha zake zote zilizo nzuri, ndogondogo za kushikika mkononi, na ile ya siku ya 131 uichapishe kubwa kidogo. Zitie kwenye bahasha. Ukifika msalimie kama mkubwa wako, ungoje ukaribishwe kuketi, kisha useme jina lako na kwenu ni wapi. Halafu umuombe radhi, kwa Dholuo, kwa maneno machache: nilikupiga picha miezi mingi bila kukuuliza jina, nilikosa, nimekuja kukuletea zilizo zako. Mpe bahasha. Akizichana mbele yako ni haki yake. Akizitazama moja moja akacheka, akaita wenzake, pia ni haki yake, na usichukue kicheko hicho kuwa kibali.

Wewe mwenyewe ni mjaluo, au umeishi na Wajaluo vya kutosha kuelewa Kidholuo, kwa hiyo unajua kwamba mama kama huyo ana majina zaidi ya lile la kitambulisho. Kuna la mtoto wake wa kwanza, la min fulani, yaani mama fulani. Kuna la kwao alikozaliwa, nyar Seme, yaani binti wa Seme, au nyar Gem au nyar kwingineko, ambalo wanawake wenzake pale ufuoni ndilo wanalomwitia. Yeye ndiye atakayekuchagulia la kumwitia. Likumbuke bila kuliandika mbele yake.

Usimuombe kitu siku hiyo. Wala ya pili. Ukihitaji omena nunua kwake kwa bei wanayonunua wengine, usizidishe, maana ukizidisha atajua unanunua nini. Jihadhari zaidi na miezi inayokuja: kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaliane, na nyumba nyingi za ufuoni hubana matumizi. Mtu aliyefungiwa riziki anaweza kukubali lolote. Ukimuuliza wakati huo kuhusu picha ukiwa na noti mkononi, atakayejibu ni njaa. Acha mpaka mashua zirudi majini, Agosti au baadaye, na ikiwa mtakuwa bado mnasalimiana, muulize wazi: ningependa picha hii watu waione, ukutani tu, si mtandaoni, na jina ulilochagua likiwa chini yake, au bila jina ukipenda. Akikataa, picha ina kwake pa kukaa, ndani ya bahasha ile, na wewe hutamuuliza tena.

Niandikie baada ya mbalamwezi. Jina lake usiniambie. Niambie tu kama alikuuliza lako, au ulilitaja wewe akalipita.